Fremu ya Bi Zuhura

Bi Zuhura alizikwa Ilala baada ya sala ya adhuhuri, na kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini, sisi wanawake tuliobaki uani tulikuwa tumeshaanza kuzungumzia fremu yake. Sahani za wali zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyetu, watoto wanafukuzwa jikoni wanarudi, na binti mmoja aliyekaa mkeka mmoja na mimi akamuuliza mwenzake kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Sasa ile fremu ya Kariakoo inakwenda kwa nani?" Mwenzake akajibu na tonge mdomoni, "Kaburini haiendi, hilo tu ndilo najua." Wakacheka, wakajizuia, wakavuta mitandio usoni kama watu wanaolia. Sikuwalaumu. Hawakumjua mwenye fremu ila kama bibi wa watu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa nyumba ya mpwa wake, akipokea shikamoo za wapita njia. Mimi nilimjua wakati fremu hiyo ilikuwa bado ni ukuta.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha habari, nikinyoosha habari za wenzangu, na kazi hiyo imenipa tabia ya kufuatilia maneno kama wengine wanavyofuatilia watu: limetoka wapi, limelala wapi jana, nani amelibadilisha nguo. Hili nimelifuatilia kuliko mengine. Kwetu Dar, fremu ni chumba cha biashara kinachotazama barabara. Mtu anapanga fremu, anafungua fremu, anafukuzwa kwenye fremu. Waingereza, ambao neno tulilichukua kwao, hawalitumii hivyo. Kwao frame ni mbao zinazoizunguka picha, au miimo ya mlango, au mifupa inayobeba mwili wa mtu au paa la nyumba. Mtu akipangiwa ushahidi wa uongo hadi akaonekana ana hatia, napo hulitumia neno hilohilo. Kamusi kubwa zinasema kwamba hapo kale lilikuwa kitenzi, na maana yake ilikuwa kufaa, kusaidia, kusonga mbele. Kisha mafundi wa mbao wakalichukua kwa kazi yao ya kuandaa nguzo na boriti, na kutoka kwao likasambaa. Nadhani na sisi tulilipata kwa mafundi: walikuja na mlango, wakaondoka, na chumba kizima kikabaki na jina la mlango. Lakini hayo ya kamusi niliyasoma ukubwani. Maana zenyewe nilizipata kwa mpangilio mwingine, mwaka niliokaa Mtaa wa Sikukuu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasoma kozi ya Kiingereza na uchapaji Upanga, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyefundishia sebuleni kwake, ghorofani, huku harufu ya bizari ikitoka jikoni kuja kukaa nasi. Kulala nililala Kariakoo, kwenye chumba cha uani alichopanga Mama Mdogo Asha, ambaye kila asubuhi alikaanga mihogo barazani. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, kama zilivyokuwa nyingi za mtaa ule kabla ya maghorofa: korido katikati, vyumba huku na huku, ua wenye jiko, bomba na choo, na mbele baraza ya saruji iliyong'arishwa na makalio ya watu. Wenye nyumba, Mzee Rajabu na mkewe Bi Zuhura, walikaa chumba cha mbele cha kulia. Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Sisi wa nyumba ile tulihesabu kulia na kushoto tukiwa tumeipa nyumba mgongo, kama mtu aliyekaa barazani anatazama barabara. Hakuna aliyetufundisha. Kila mpangaji mpya alikosea siku za mwanzo, akafungua mlango wa watu, akachekwa, akazoea, na akishazoea hakukumbuka tena kwamba kuna namna nyingine ya kuitazama nyumba.

Chumba chao nakikumbuka kuliko changu. Kitanda cha nguzo nne kilisogezwa hadi kwenye ukuta wa barabarani, chini ya dirisha. Pembeni yake lilikuwepo sanduku la bati la Bi Zuhura, lile alilokuja nalo kutoka Lindi akiwa mwari. Juu ya sanduku, kwenye ukuta huohuo, ilining'inia picha yao ya harusi katika fremu ya mninga iliyopakwa vanishi mpaka ikawa nyeusi. Hiyo ndiyo fremu ya kwanza niliyoifahamu. Ndani yake Mzee Rajabu alisimama kama askari, na Bi Zuhura alikuwa anatazama pembeni, kwa kitu ambacho mpiga picha hakukionyesha. Hawakujaaliwa mtoto. Ijumaa Bi Zuhura aliwapikia watoto wa wapangaji wali wa nazi, na mtu akija kutoka kusini akamletea ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwao, alituita wote tukaila kwa chumvi na ndimu, tumekaa chini, yeye akituuliza habari za kila mmoja kana kwamba ameandikiwa atuulize.

Mzee Rajabu alifariki mwanzoni mwa mwaka, akiwa anatawadha. Picha ikageuzwa ikatazama ukuta, kama desturi, na Bi Zuhura akaingia eda: miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, nguo nyeupe, bila mafuta wala udi, bila kuonana na mwanamume ambaye angeweza kumuoa. Mtaani mjane wa namna hiyo huitwa kizuka, na watoto hulitamka neno hilo kwa kunong'ona. Nikirudi Upanga nilikuwa naingia kwake na chakula, tunakula pamoja, kisha namsomea yale niliyojifunza. Alipenda kusikia Kiingereza bila kutaka kukijua. "Soma tu," alisema, "ni kama mvua kwenye bati."

Mdogo wa marehemu, Bwana Hamisi, alikaa Magomeni. Alikuwa mtu mwenye sauti ya upole na kanzu isiyo na doa, na sikumbuki kumsikia akimtukana mtu kabla ya siku nitakayoieleza. Nyumba za jirani zilikuwa zinatobolewa mbele moja baada ya nyingine, na kila iliyotobolewa ilipata mpangaji wa biashara kabla saruji haijakauka. Bwana Hamisi naye aliliona hilo. Alikuja akakaa kwenye kigoda koridoni, pazia likiwa limeshushwa mlangoni, akaongea na shemeji yake bila kumwona. Mimi nilikuwa ndani namenya vitunguu.

"Shemeji, chumba chako hakiguswi. Kaa eda yako kwa amani. Ukitoka tutakupa fungu lako, ukapumzike kwenu Lindi."

"Lindi nina nani, Hamisi?"

"Ndugu wapo."

"Waliopo wako makaburini. Mimi nimekaa chumba hiki tangu sijui kupika. Nataka nifie humu."

"Mambo ya kufa tumwachie Mungu, shemeji."

"Basi na mambo ya Lindi tumwachie yeye huyohuyo."

Alicheka kwa heshima, akaaga. Bi Zuhura hakucheka. Alichukua kitunguu kutoka mkononi mwangu akaanza kukimenya mwenyewe, na nikaona kwamba alikuwa anahesabu kitu kichwani. Tangu siku hiyo kila mtu wa nyumba alijua swali liko wapi. Eda ilikuwa inamlinda. Ikiisha, ataondolewa chumbani. Wapangaji tulilizungumza uani tukifua, na Mama Mdogo Asha alisema wazi kwamba akitoka Bi Zuhura, sisi nasi hatudumu.

Fundi aliitwa Lukas, mtu wa Masasi, kijana bado, mwenye sifa ya kutoboa ukuta wa udongo na miti bila kuishusha nyumba. Alikuja jioni moja kabla ya magharibi kupewa kazi. Bi Zuhura na mimi tulikuwa tunakula ugali na dagaa wa nazi, dirisha limefungwa, na maneno ya barazani yaliingia yote kama yalivyoingia siku zote.

"Nianze na kipi, mzee?" ilikuwa sauti ya Lukas, akiwa amesimama barabarani.

"Cha kushoto," alisema Bwana Hamisi kutoka barazani alipokaa. "Kesho asubuhi. Mlango wa chuma uko tayari kule mtaa wa Gerezani, kwa mchomeleaji."

"Kina mtu?"

"Kitupu. Mpangaji kahama."

"Haya. Cha kushoto."

Kisha nikasikia kitu kinakwaruza ukutani nyuma ya kitanda. Sikukitilia maanani. Wachuuzi walikuwa wanaegemeza mizigo yao pale kutwa nzima, na mimi kichwani nilikuwa na vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika bila kanuni. Bi Zuhura aliacha kutafuna. Mkwaruzo ulipanda, ukaenda kando, ukashuka. Akameza, akanisogezea bakuli la dagaa. "Malizia," akasema, "mimi nimeshiba."

Asubuhi, kabla sijaenda bombani, aliniita. Ukuta wa nje unamtia joto, alisema. Nimsaidie kusogeza kitanda upande wa korido. Tukakisukuma, yeye kwa bega. Sanduku nalo tukalivuta. "Na hiyo picha iteremshe, imejaa vumbi." Nikaiweka juu ya kabati. Nikaenda zangu kufua.

Nyundo ilipoanza kulia hakuna aliyeshtuka, maana wote tulikuwa tunaitegemea. Mama Mdogo Asha alikuwa ameshahamisha karai lake tangu alfajiri, akaliweka upande wa kulia ili apishe kazi, kisha akaja uani kuongeza mkaa. Tulisikia udongo unaporomoka, tukapandisha sauti ili tusikilizane. Aliporudi barazani ndipo tukasikia ukelele wake. "We Lukas! Lukas! Unavunja kwa kizuka!"

Nilipita koridoni mbio. Chumba ambacho sikuwahi kukiona na mwanga zaidi ya ule wa dirisha kilikuwa cheupe kwa jua na vumbi. Mahali pa ukuta palikuwa barabara. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea kitanda, shuka limemfunika mpaka kwenye nyusi, uso ameugeuzia korido. Nje watu walikuwa wamejaa. "Kumbe mna bibi humu!" mmoja akasema. Mwingine akapiga kelele kwamba ni mzimu, watu wakacheka, na mwanamke fulani akawatukana wote kwa jina la mama zao. Halafu mchuuzi wa mitumba, kijana ambaye jana yake tu Mama Mdogo alimfukuza barazani, akachomoa shuka kwenye mzigo wake, akalikunjua, akalishika juu kuziba tundu, mgongo wake ukiwa kwetu. Mwenzake akaja na la pili. Walisimama hivyo, mikono juu, wakitazama barabara, huku wakiendelea kutangaza bei.

Bwana Hamisi alifika akiwa hana pumzi. "Nilisema kushoto!"

"Hiki si ndicho cha kushoto, mzee?"

"Kushoto, mjinga wewe! Kushoto!"

Alikuwa amesimama barazani, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Lukas, chini barabarani, akanyoosha wa kwake. Mikono ikaelekea pande mbili tofauti. Mtaa mzima ukaelewa kwa pamoja, na kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena. Siku ile Lukas alipoteza jina lake. Mpaka leo wapo Kariakoo wanaomwita Lukas Kushoto.

Ukuta haukuweza kurudishwa. Boriti ya juu ilikuwa imelegea, na Lukas, ambaye sasa aliongea akitazama viatu vyake, alisema kitakachozuia paa lisikae chini ni ile fremu ya chuma peke yake. Ikaletwa kutoka Gerezani. Aliisimamisha kwa kinyumenyume, kwa mwendo wa kinyonga, anapima kwa vidole nyuma ya mgongo wake ili asitazame ndani, na kila alipotaka kusogea alisema, "Mama, niwie radhi, nasogea." Akaziba kwa mbao kuanzia chini mpaka juu. Bwana Hamisi alimtaka shemeji yake ahamie chumba cha pili. Bi Zuhura alijibu kupitia kwangu kwamba eda ameianza hapa na ataimaliza hapa. Jioni imamu na wazee wa mtaa walikuja kukaa barazani. Sikusikia lawama, nilisikia kijiko kinagonga kikombe, na mwisho sauti ya Bwana Hamisi ikisema mbele yao wote kwamba kwa aibu iliyompata mjane wa kaka yake, siku akitoka eda chochote atakachoomba atapewa.

Miezi iliyofuata tuliishi na Kariakoo ndani ya chumba. Mbao hazizuii sauti. Tulisikia kila aliyeongopa bei na kila aliyeongopewa, waliotongozana, wachukuzi waliotaka njia, mtu aliyelia peke yake adhuhuri moja akiwa ameegemea mbao zetu bila kujua tupo. Wateja walikuwa wanagonga. "Nyie wa ndani! Mnafungua lini?" Bi Zuhura alininong'oneza nijibu, nami nikapaza sauti, "Mwenyewe bado hajatoka!" "Yuko Dubai?" "Yuko njiani!" Hapo alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu. Lakini nyakati nyingine alikuwa anageuka mbali na mimi, anasikiliza kwa uso mgumu, na nikimsomea aliniambia ninyamaze. Alikuwa anajifunza. Alijua kanga zipi zinaulizwa wiki hii na zipi zimekaa, na ni nani barabarani anayeaminika. Alipunguza kula. Usoni alizeeka.

Kule Upanga mwalimu alituandikia neno frame ubaoni. Alieleza picha, akaeleza mlango, akaeleza mwili. Kisha akasema lipo na la polisi: mtu asiye na kosa, ukampangia kosa likamkaa kama picha kwenye fremu yake. Nikamfikiria Lukas, ambaye siku hizo alikuwa hapati kazi, anasukuma mkokoteni Feri. Niliporudi nilimweleza Bi Zuhura maana zote. "Hiyo ya mwisho," aliuliza, "Waingereza wana namna ya kuivua?" Nilipekua daftari langu. Akasema nizime redio, ingawa haikuwa imewashwa.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha, wakamvalisha kanga mpya, ikasomwa dua, pilau likapakuliwa koridoni na uani. Bwana Hamisi alikaa kwenye kile kigoda, safari hii bila pazia.

"Shemeji, niliahidi mbele ya watu. Sema."

"Nataka hapa."

"Chumba?"

"Chumba na mlango wake wa chuma. Fremu. Mbele niuze, nyuma nilale."

"Shemeji, hiyo nimeshaipokelea pango la mtu."

"Mpe ya kushoto," alisema Bi Zuhura, na watu wakacheka mpaka Bwana Hamisi mwenyewe akacheka. Alifuta macho. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayerudisha mchezo upande wake, "Na kule nyuma? Maana nikikosa hii ya mbele, itabidi nifungue mpaka uani. Hutasema nimevunja nyumba ya kaka?"

Nilikuwa nimesimama karibu nao, nimeshika jagi la sharubati. Nilimwona Bi Zuhura akitazama korido yote mpaka mwisho wake, mlango kwa mlango, mpaka uani kwetu.

"Kule nyuma ni kwako," alisema. "Fanya utakavyo."

Mama Mdogo Asha aliweka sahani yake chini. Hakuila tena.

Tuliondoka kabla ya Ramadhani, tukaenda Mbagala kwenye chumba ambacho kilikuwa kinaingia maji. Siku ya kuhama nilimkuta Bi Zuhura anapanga kanga kwenye rafu mpya, mbao zimeondolewa, jua limemfikia hadi miguuni. Picha ya harusi ilikuwa imegeuzwa ikatazama watu. Nilimuuliza alichokuwa ananisubiri nimuulize. "Na sisi je, Bi Zuhura?" Hakuacha kukunja. "Niliruhusiwa kuomba kitu kimoja, Tunu. Nikaomba kimoja." Nilitaka aseme pole. Alinipa doti ya kanga, nikaikataa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuingia chumbani mwake. Baadaye nyumba iliuzwa, ikapanda ghorofa, naye kwa mkataba akapewa fremu moja chini, palepale, akaipangisha na kuhamia Ilala kwa mpwa wake. Ilala nilikwenda kumsalimu, lakini nilikwenda kama mtu anayepeleka taarifa. Mama Mdogo hakumsalimu tena hadi mwenyewe anaingia kaburini. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia kisa hiki kwa namna moja: kosa la fundi lilimfedhehesha mjane, fedheha ikampa chumba, na chumba kikamfanya atusahau.

Wanaume waliporudi kutoka mazikoni nilitoka nje kupata hewa. Kwenye viti vya mwisho chini ya turubai alikaa mzee mwenye mabega mapana, kofia magotini, hajasemeshwa na mtu. Nilimjua kwa mikono yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Alinitazama sana. "Wewe ni yule wa Kiingereza."

"Ndiye mimi. Umekuja kumzika?"

"Nimemfikisha mpaka kaburini. Walipoanza dua nilikaa pembeni." Alizungusha kofia. "Kila Idi alinitumia pilau. Mimi, Mkristo. Krismasi anamtumia mke wangu kanga. Miaka yote, mpaka mke wangu akasema, huyu bibi unamdai nini?"

"Labda alikuonea huruma. Kwa lile kosa."

Sahani ya wali ililetwa, akaishika bila kula.

"Nyumba zile za zamani," alisema, "huvunji ukuta hivihivi. Mwalimu wangu wa kazi alinifundisha: hata ukiambiwa ni kitupu, piga hodi. Gonga ukuta kwa mpini, sema hodi. Huenda mtoto kalala. Siku ile nilipiga hodi. Mama yako mdogo hakuwepo barazani, kaenda kuchukua mkaa."

"Halafu?"

"Nikajibiwa karibu."

Nilikaa kwenye kiti cha jirani yake.

"Sauti ya mwanamke," aliendelea. "Nikajua ni mtu anafagia chumba kitupu. Nikasema, mama, naanza kuvunja huku, toka. Akasema, anza, mimi nimekaa mbali. Nikaanza."

Nikakumbuka ule mkwaruzo wa jioni: fundi alikuwa anachora mlango ukutani. Nilikiona kitanda. Nilimwona Bi Zuhura akikisukuma kwa bega, na mimi upande wa pili nikisukuma kwa nguvu zangu zote ili nisichelewe kufua. Niliona mkono wangu ukiiteremsha picha. Siku ile kila mtu alisema Mungu kamlinda, hata kioo cha picha hakikupasuka.

"Fundi, walikucheka mtaa mzima. Ulisukuma mkokoteni. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba kizuka kanijibu?" Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Wasingeniamini. Na kama wangeniamini, yeye angelala wapi?"

Kisha akala wali wake, wote, kwa utulivu, nami nikamsubiri mpaka akamaliza, maana sikuwa na swali lingine na sikuweza kuondoka. Nilikuwa nikifikiria jinsi Bi Zuhura alivyotazama korido mpaka mwisho wake kabla ya kujibu. Alikuwa ameshamtoa kafara mtu mmoja, fundi huyu, ili apate ukuta. Sisi tulikuwa wa pili. Nisingeweza kusema hakutuona. Alituona vizuri, mlango kwa mlango, kisha akajibu.

Siku ya pili nilipita Mtaa wa Sikukuu. Ghorofa limepakwa rangi ya maziwa, na chini yake fremu zimepangana, taa zinawaka mchana, kila muuzaji anakuita kwa cheo anachokufikiria. Ile ya Bi Zuhura ilikuwa imefungwa, mlango wa chuma umeshushwa mpaka chini. Nilisimama mbele yake nikajaribu kukisia kitanda kilikaa wapi. Kisha nikagonga. Niligonga kwa kifundo cha kidole, polepole, na nikasema hodi kwa sauti ya kawaida.

Kijana wa fremu ya jirani alitoa kichwa. "Mama, hao wamefunga. Wana msiba."

"Najua," nikamwambia.

Nikabaki pale nikisubiri.